Pointi Kumi

Barua ilifika Haldersby Jumanne, na mvua:
pointi kumi zimekatwa.
Doreen Ackroyd, mfua jezi mwaka wa thelathini na moja,
aliisoma amesimama, povu mikononi.

Zipi hizo kumi?
Ile moja ya Novemba, kipa kadaka kwa kidole kilichovunjika?
Au zile tatu za dakika ya tisini,
Kieran alipofunga kwa goti, kwa bahati tu,
tope la bukta yake likagoma kutoka siku mbili?
Waseme. Nikazianue kambani.

Mwenye timu yuko Monako.
Alikopa, akaficha,
akauza uwanja, na mnunuzi ni yeye.
Hajakatwa hata ukucha.
Kala yeye, limevimba tumbo letu.

Haya yote alimwambia Olive
aliyepita jioni kurudisha mwavuli,
Olive Entwistle, damu ya Marfleet, ng'ambo ya reli.
Olive akakoroga chai ambayo hakuitia sukari.

"Sisi mwaka jana tulimuuza mshambuliaji
ili tulipe kodi.
Tangu hapo, mabao manne.
Tukashuka daraja, Doreen, vitabu vyetu safi
kama sahani ya mgeni.
Na siku ile ya mwisho,
aliyetufunga ni yule wenu. Yule wa deni."

Doreen alitafuta neno.
Akapata biskuti,
akaisogeza upande wa Olive.
Chumba cha pili mashine ikalia: imemaliza.
Hakuna aliyeinuka.