Zangu, Yangu

Mtaa wa Aggrey walisema milioni moja na laki mbili,
na Hemedi, kijana wa duka, akafunga bei kwa tabasamu:
"Mama, hapo nimekupunguzia mpaka mfupa."
Nikaugusa huo mfupa. Nikarudisha mkono mfukoni.

Kwa sababu nilikuwa na Evodia,
mtoto wa mama mdogo, anayeogesha wazee huko Bremen,
naye alikuwa ameniandikia usiku:
Dada, huku ipo kwa laki saba na nusu,
imetumika kidogo, mwenyewe alikuwa mwalimu.

Usiku ule zile laki nne na nusu za nafuu
nilizitumia mara tatu:
bati za uani, ada ya Ansila, kisha bati tena.

Ilisafiri katika begi la bwana mmoja, Rutashobya,
katikati ya soksi na chokoleti.
Akataka laki moja. Sawa, mgongo wa mtu una bei.
Kipawa nilikwenda kwa bajaji mara mbili,
maana mara ya kwanza ndege ilikuwa bado iko Addis.
Elfu thelathini na tano. Bajaji haijui undugu.
Na afande wa forodha aliifunua taratibu
kama anayemenya yai la moto.
"Ni zawadi," alisema Rutashobya.
"Hata zawadi ina ushuru," akajibu afande,
akagonga muhuri: laki moja na themanini.

Nyumbani Tandika, plagi yake ina miguu miwili ya mviringo,
ukuta wangu una matundu matatu bapa.
Wakatazamana kama wakwe waliogombea mahari.
Adapta, elfu kumi na tano.
Siku ya nne umeme ulikatika, ukarudi na hasira,
chaja ikatoa harufu ya dagaa walioungua.
Nyingine, laki moja na thelathini.
Waranti ipo. Evodia anasema ipo. Ipo Bremen.

Hayo yote ningeyameza.
Mimi huchapia watu: barua za kuomba kazi,
mihtasari ya vikoba, kadi za arobaini.
Vidole vyangu vilifundishwa gizani,
Sista Gaudiosa akitufunika mikono kwa taulo
tusizione herufi,
na tangu hapo havijanidanganya.

Nikachapa: Yah: Maombi ya kazi.
Kioo kikaniambia: Zah: Maombi za kayi.

Kumbe Wajerumani wameihamishia Z kwenye chumba cha Y,
na Y wameitupa chini kushoto, kama mpangaji asiyelipa.
Herufi mbili tu. Kwao labda ni jirani na jirani.
Kwetu ni hapo hasa
ndipo umoja unapoachana na wingi.
Nyumba yangu ikawa nzumba zangu, nikatajirika.
Ndoa yake Bi Mwasiti ikawa ndoa zake,
akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha, kujipima, nikachapa swali la kweli:
pesa zangu ziko wapi?

Pesa yangu yiko wapi?

Yangu. Moja.
Daftari langu limenistahi miaka yote;
mashine ya mwalimu haikuona haya.
Nikajumlisha: milioni moja, laki mbili, na elfu kumi.
Elfu kumi juu ya mfupa wa Hemedi.

Shafii wa jirani aliirekebisha kwa dakika moja,
akakataa hata soda.
Lakini kabla hajaja, Evodia alikuwa ameuliza:
Dada, umeona nafuu?
Nami nikamchapia, haraka, Ndiyo,
ikaenda: Ndizo.
Ndizo zipi, dada?

Sijamjibu.
Aliifuata ile mashine siku yake moja ya kupumzika,
treni mbili, theluji, mikono imepasuka kwa sabuni ya wazee.
Hiyo sijaiweka kwenye hesabu.
Hiyo, au hizo.