Mwaka Mzima Kambani

Kalenda yangu ni kamba ya kuanikia,
toka dirisha la sakristia hadi mlingoti wa kengele,
katika mtaa unaoitwa Huruma, ambako maji
huja Jumatano, yakikumbuka.

Zambarau huanza. Kasula ya Majilio
inanuka sanduku na kafuri.
Padre Ekidor anasoma: kesheni, hamjui saa.
Naguna kimoyomoyo. Mfereji wa ploti
hukohoa saa tisa usiku,
na asiye na ndoo chini yake, shauri yake.
Wale wanawali watano wenye busara nawajua kwa majina:
Nduku, Adongo, Mama Gakii, Zipora,
na yule wa duka la makaa, ambaye bado ananidai mtungi.

Jumapili ya waridi tuna kasula moja tu.
Zamani ilikuwa zambarau; jua ndilo lililoipausha.
Sijamwambia mtu.

Noeli, nyeupe. Nyeupe ndiyo kazi.
Neno alitwaa mwili, na mwili, jamani, hutoka jasho:
kola ya alba haidanganyi.
Mtoto alivikwa nguo za kitoto
na kesho yake mtu alizifua.
Luka hakuandika nani.

Kisha majivu, kisha zambarau tena,
na Jumapili ya tatu yule mama wa Samaria.
Mgeni anaomba maji, hana hata kopo,
na kisima ni kirefu. Hapo kanisa hucheka chini chini,
maana mtungi siku hizi ni shilingi ishirini.
Lakini mimi hukwama mbele kidogo,
pale anapouacha mtungi wake na kukimbilia mjini.
Kuuacha! Hapa Huruma
usingeukuta hata kifuniko.
Miaka sita nimelifikicha neno hilo kama doa la divai.
Labda imani ndiyo hiyo: kusahau mtungi.

Alhamisi Kuu nilizoea kupokea taulo tu,
lina udongo wa miguu kumi na miwili.
Mwaka juzi waliniita niketi kwenye benchi, niwe wa kumi na mbili.
Nilivuta mguu. Magaga.
Padre akangoja amepiga magoti, maji yanapoa,
na kwa mara ya kwanza nikamwelewa Petro:
hakuwa na kiburi, masikini. Alikuwa na visigino.

Pasaka. Nakwangua nta kwenye kitambaa cha altare,
naweka gazeti kuukuu, napitisha pasi ya makaa,
nta inahamia kwenye habari za uchaguzi.
Yohana anasema sanda ilikuwa chini
na leso ya kichwani imekunjwa, iko peke yake.
Wenye elimu wanaeleza mengi. Mimi najua moja:
mwizi hakunji.
Mtu mwenye haraka hakunji.
Aliyekunja alikuwa ameamka vizuri, hana wasiwasi,
alijua nguo ile haitamfaa tena.

Nyumbani lipo shati la Kizito, mwanangu,
la buluu, kifungo cha pili hakipo.
Sijalifua. Nimelikunja tu.

Pentekoste ni nyekundu, siku moja, nayo huchuja:
ukizubaa, stola zote zinapata moto.

Halafu kijani. Kijani, kijani, kijani.
Mpanzi, haradali, kondoo, sarafu iliyopotea
na mwanamke mwenye ufagio (huyo ni wa kwetu).
Mvua ya Novemba ikikaribia, kasula ya kijani
imekuwa laini kama kitambaa cha kufutia vyombo,
na nadhani Bwana huipenda hivyo.

Mwishoni Mfalme anaketi kuhukumu
wala haulizi sala ngapi.
Nilikuwa uchi, anasema, mkanivika.
Nikainua macho. Mlangoni alisimama kijana wa mkokoteni,
yule anayetuletea mitungi, fulana imetoboka mgongoni.
Ana mabega ya Kizito.

Bado sijaamua.
Jumapili ijayo ni zambarau,
leo ni Jumatano,
na bomba limeanza kukohoa.