Kabati Namba Saba

Ruwi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la udi.
Nje, saa tatu asubuhi, lami imeshaanza kulainika;
ndani kiyoyozi kinavuma mpaka meno yanagongana.
Kazi yangu ni kuwavua watu.
Saa. Pete. Simu. Pochi.
Kalamu uliyorithi kwa baba, hata hiyo.
Geuza mifuko. Pandisha mikono ya kanzu.
Miwani, tafadhali, niitazame.
Awe meneja, awe mwanagenzi,
nampa kibao cheupe kinachofutika
na ufunguo mmoja wa kabati.

Ghaniya ametoka Ibra kabla ya alfajiri.
Aliposikia lafudhi yangu aliacha Kiarabu:
“Kumbe wa kwetu! Mama yako wa Pemba?”
Wete, nikamjibu.
Na kitambulisho cha pili, nikaongeza.
Akacheka. Akakitoa.

Mara ya tatu hii.
Miaka tisa anautunza mtandao wa hospitali,
wanamwita “yule binti wa kompyuta,”
na mkataba ukija, anasaini mwenye cheti.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame, husemwa;
huyu aliinama kweli, usiku wa manane,
tumbo kwenye vumbi, chini ya sakafu ya chumba cha seva,
tochi mdomoni, akifuata kebo moja ya buluu
kati ya mia mbili za buluu,
na juu, wodini, muuguzi akiandika vipimo kwa mkono
kwa kuwa skrini zote zimezimika.

Mtihani haujui hayo.
Hauulizi ulilala saa ngapi.
Unasema: mtandao huu, ugawe kwa idara kumi na nne,
anwani zisigongane, hata moja isipotee,
na ukishabonyeza “endelea”
hakuna kurudi nyuma.

Niseme kweli, nilikuwa nauchukia.
Niliuona mlango wa kutoza watu tu,
riali mia na kitu kwa kila hodi.
Mpaka Mundhir.

Mundhir, mtoto wa mama mdogo, aliyanunua maswali,
sijui kwa nani, sikutaka kujua.
Akayakariri akioga, akayakariri akiendesha gari.
Si kwangu alikofanyia, alhamdulillahi.
Alimaliza kwa dakika thelathini na moja.
Cheti kikatiwa fremu, halwa ikaliwa.
Mwezi wa pili kazini, mtandao wa ghala ukakatika,
malori yamepanga foleni mpaka barabarani,
naye kasimama mbele ya swichi inayomemeta
kama bwana harusi mbele ya mkwe,
hajui aanze na salamu gani.
Alikuwa anangoja impe A, B, C, D.

Tangu hapo nawakagua watu mpaka ndani ya kofia.

Kiti cha nne. Namtazama kwenye kamera.
Anachora, anafuta, anachora tena,
amejikunyata ndani ya abaya kwa baridi.
Dakika sita zimebaki na hatikisiki.
Dakika mbili. Anafuta kibao chote
kwa upande wa mkono, kama anayefuta unga mezani,
na anaanza upya.
Nami, nisiyeruhusiwa hata kukohoa,
nimeushika ufunguo wa akiba kama tasbihi.

Printa ikakohoa kwa niaba yangu.

Sheria: karatasi hutolewa kifudifudi.
Hakuigeuza. Alifungua kabati namba saba,
akavaa saa, akavaa pete, akatengeneza shela.
Ndipo akaigeuza.

Amefaulu.
Nilitega masikio, hata kigelegele kidogo, cha pua.
Hakuna. Kidole chake kilikuwa kinashuka,
mstari kwa mstari, kikasimama:
usalama wa mtandao, asilimia sitini na moja.
“Hapa,” akasema. “Hapa sijui ninachokijua.”
Siruhusiwi kuzungumzia maswali, nikamwambia.
“Basi nyamaza. Niazime kalamu.”

Akaandika maneno mawili kwenye kiganja,
akanirudishia kalamu yangu, akashuka ngazi.
Nusu saa kabla, kwa wino ule kiganjani
ningemtoa chumbani.
Nikamwachia mlango.
Joto likaingia lote.