Mizani ya Marikiti

Fomu imekuja jana usiku, kurasa sita,
na swali la kwanza halikuwa jina.
Liliuliza uzito.
Uzito wa kila mtu, akiwa amevaa,
maana ndege ya kule ni ndogo, viti vinne na cha rubani,
hutua juu ya theluji kwa miguu ya kuteleza,
na mlima hauna barabara, wala mtu wa kubembelezwa.

Basi leo tumefunga kazi mapema.
Badi ameiacha tuktuk ya watu imening'inia bila gurudumu,
Kadzo ametoka zamu, viatu vyeupe mkononi,
Nargis amebeba daftari la hesabu,
nami nina makoti manne ya Kongowea,
ya mtumba, mazito kama deni.
Moja lina tiketi ya treni ya mji nisioujua.
Nimeiacha humo humo mfukoni: huenda ikakumbuka njia.

Tukapanda mizani ya magunia, pale Marikiti,
kati ya iliki na binzari,
tumevaa manyoya saa tisa ya jua la Februari,
jasho likituchuruzika hadi ndani ya soksi.
Ngao, mchukuzi, akakisogeza kile chuma cha ratili:
"Mnauzwa kwa kilo au kwa kichwa?"

Kadzo, sitini na nane.
Nargis, sabini kasoro robo; akataka apimwe tena.
Badi, mia na nne.
Akasema ni spana. Akatoa spana.
Mia na mbili.
Mimi sisemi. Imeandikwa, inatosha.

Wiki jana tuliomba kuingia chumba cha barafu, Liwatoni,
dakika kumi kati ya jodari waliopangwa kama kuni.
Dakika ya nne sikuzisikia tena nyusi zangu.
Dakika ya saba Kadzo akatushika mikono, mmoja mmoja,
akitazama kucha, kama afanyavyo wodini,
na Badi, asemaye hata akipiga mswaki,
hakuwa na neno.
Tulipotoka, joto lilitukumbatia kama shangazi,
likatuuliza tulikuwa wapi.

"Na huko mnafuata nini?" mama aliuliza, akikuna nazi.
Nikamjibu, "Kimya."
Akadhani namwambia anyamaze.
Kifuu kilinikosa kidogo.

Nargis ameketi juu ya gunia la tangawizi, anasoma:
pikipiki za theluji za kukodi, mbili, siku tatu.
Badi anazijua kwa picha tu,
lakini ameshazifungua zote kichwani:
mkanda mpana wa mpira nyuma, vitelezo viwili mbele,
injini, asema, ni ile ile,
ila hii hulala baridi na kuamka na kiburi.
Amana inaipita kodi yenyewe.
Ukivunja kitelezo, unalipa.
Ukizama kwenye theluji laini, unamlipa wa kukuzamua.
Ukipotea...
hapo Nargis akageuza ukurasa.

Kisha jumla. Ndege hubeba mia tatu, watu na vitu.
Sisi, bila hata begi, tumezidi kilo kumi na tisa.
(Anayeutaka uzito wangu na atoe mwenyewe.)

Tukaanza kuvua.
Koti chini, buti chini,
chupa ya kahawa, bahasha ya halua,
saa ya marehemu baba yake Kadzo, ambayo haina hata gramu,
akaiweka, akaichukua, akaiweka.
Chuma cha ratili hakikusogea pa maana.
Wapita njia wakasimama.
Mwenye duka akauliza kama tunahama.

Ngao akatutazama hivyo, nusu tumevaa, nusu tumekosana,
akatua gunia lake la kilo tisini,
akajipandisha mwenyewe, fulana imetoboka begani.
Hamsini na sita.
"Niandikeni," alisema. "Mimi sina mzigo."

Nargis alicheka.
Kisha akainamia daftari,
akachora kwa rula mstari wa tano.