Jalada Namba 1000003

Benchi la kliniki, Temeke. Foleni haisogei.
Siwema anageuza bahasha, anaanza kuigawa namba yake.

Witiri. Haiishii na tano.
Kwa tatu inabaki moja.
Kwa saba, nne. Kumi na moja, nne.
Kumi na tatu, nne tena,
kama wifi na hodi yake ileile.

Peni inakauka; anaazima ya nesi.
Vigawo mia moja sitini na nane,
cha mwisho mia tisa tisini na saba:
imebaki kumi na mbili.

Anaandika pembeni: tasa.
Neno lile la wifi, Idi iliyopita, mbele ya wageni.

Lakini chambua namba yoyote ya jiji hili,
ya mita, ya nyumba, ya simu:
chini kabisa utawakuta tasa, wamekaa.

"Siwema Kombo!"
Anakunja bahasha. Hajafuta kitu.