Wiki ya Tano

Damu ya Lubango ilifika maabara saa nne asubuhi,
kichupa cha kizibo cha zambarau, hakikujaa hata nusu,
jina limeandikwa na mtu mwenye haraka.
Nikapaka tone kwenye kioo, nikainama.

Seli nyeupe. Nikahesabu, nikapotea, nikaanza upya.
Nyingi kama wale wadudu wa ziwani
wanaopanda juu ya maji mwezi ukiandama,
nguzo ya moshi usio na moto,
mpaka wakaanga samaki wa Igogo wafunike makarai.

Asiyejua angesema: jeshi limetoka, mtoto yuko salama.
Hapo ndipo kifaduro kilipoficha hila yake.
Kinamwaga sumu, kinawafungia askari nje ya mlango,
nao wanajaa barabarani, kwenye damu,
wanazunguka, wanazunguka,
na nyumba inateketea.

Juu wodini hakohoi.
Wengi hawalijui hilo: wiki tano ni mchanga mno kwa mluzi.
Ananyamaza tu. Midomo inakuwa rangi ya ziwa kabla ya mvua,
na Nyamizi anamkwaruza nyayo kwa ukucha,
vuta, mwanangu, vuta,
kama mtu anayemkumbusha mwenzake deni.

Anayekohoa ni bibi yake, kwenye benchi la korido.
Anakohoa mpaka kanga inamdondoka begani.
"Vumbi," anasema Bibi Holo. "Tangu mwezi wa nne, vumbi la njia ya mlimani.
Kifaduro mimi nilikimaliza utotoni kule Sengerema,
siku mia, mama ananikanda samli kifuani.
Hakirudi mara mbili."

Bibi, unayakumbuka magugu maji?
Tuliyang'oa kwa mikono, tukajaza malori,
ghuba ikang'aa, watu wakapiga picha.
Mwaka wa pili nani alirudi kuangalia?
Ndivyo ilivyo kinga hii, uipate kwa kuugua
au kwa sindano: inakaa miaka,
halafu inaondoka bila kuaga.
Mtu mzima anakohoa, anasingizia vumbi,
anapakata mjukuu, anamnusa utosi.

Sikumwambia.
Nilimpa barakoa, nikasema ni utaratibu wa wodi.

Kadi ya kliniki ilikuwa chini ya mto.
Wiki ya sita, paja la kushoto: kisanduku kitupu.
Zilibaki siku nne.

Wiki ya nane akakohoa.
Kikohozi chenyewe, cha kukunja mwili, na mwisho wake
ule mluzi mrefu wa hewa inayorudi ndani,
na sisi, wazima wa akili, tukacheka,
Nesi Bugumba akapiga makofi,
maana anayepiga mluzi anavuta pumzi.

"Kama ameshaugua," Nyamizi akauliza siku ya kutoka,
"mnamchoma ya nini?"
Nikamwambia: ugonjwa umemfundisha, lakini kwa fimbo,
na somo la fimbo nalo husahaulika.
Sindano inamletea mdudu aliyekwisha kufa,
mzima, na koti lake na kucha zake.
Mwili unampapasa, unaishika sura,
unapandwa na homa ya usiku mmoja.
Kisha mara ya pili. Kisha ya tatu.
Mwili ni mtoto wa darasa la kwanza,
jina lake mwenyewe huliandika mara nyingi
kabla halijanyooka.

Lubango akalia kwa hasira ya mtu mwenye afya.

Bibi Holo alikuwa mlangoni, barakoa usoni.
Akakunja mkono wa gauni mpaka begani.
"Na mimi."
Nesi akatazama kwenye boksi la barafu, akanitazama mimi.
Ya watu wazima hatukuwa nayo.

Mkono ulibaki wazi kitambo,
ule mkono mwembamba wenye alama ya zamani ya ndui.
Kisha akaushusha gauni, taratibu, akafunga kifungo.
"Ile ya utaratibu wa wodi," akaniambia, "niliielewa siku ileile."

Kikohozi chake kilikwisha mwezi wa nane.
Mpaka leo anamsalimia mjukuu kwa dirishani,
kidole kwenye nondo,
anamhesabia pumzi.