Mkate wa Jana, Nkuhungu

Upepo wa Dodoma hauombi ruhusa.
Unapita chini ya mlango, unapapasa kabati,
na mkate niliousahau wazi saa kumi,
kufika saa mbili usiku ulikuwa ubao.

"Baba, huu umekufa," alisema Nyemo,
akaugonga mezani, ko, ko,
kama fundi anayekagua tofali.

Haujakufa. Umekauka tu, kama visigino vyetu.
Mkate mkavu ndio unaouelewa moto.
Ule laini hujikunja:
usoni masizi, moyoni unga.

Mama yake alikuwa zamu, wodi ya wazazi.
Umeme ulikuwa umeondoka tangu magharibi.
Mashine ya tosti hatuna,
na tungekuwa nayo ingekaa tu pale inatutazama.
Tuna jiko la mkaa, na wavu niliokata
kwenye mabaki ya banda la kuku la Chilewa
(niliuchoma kwanza peke yake, mara mbili, usiniulize).

Mwali usiwepo, nilimwambia.
Mwali ni domo. Sisi tunataka kaa linalofikiri.
Geuza harufu ikikuita.
Ukingoja moshi ndio ukuite, umechelewa.

Slesi ya kwanza tuliisugua kitunguu saumu.
Tosti ya moto ina meno:
punje nzima ikaisha mkononi mwa Nyemo
huku akitafuta imekwenda wapi.
Juu yake maharage ya mchana,
yaliyopondwa kwa mwiko, yakakaangwa tena
mpaka yakashikana kama ndugu wenye kesi moja,
na nyanya ya kuparuza, chumvi ya vidole viwili.
Hicho si kitafunwa.
Mtu akiwa nacho tumboni analima mpaka jua la saa sita.

Ya pili niliitoboa katikati kwa kikombe cha kahawa,
nikapasulia yai ndani ya tundu, kwenye kikaango.
Kile kiduara kilichotoka
ni mshahara wa mpishi. Nyemo aliula
kabla sijamaliza kumweleza mpishi ni nani.

"Na mlenda?"
Nikasema, tujaribu.
Tulijaribu. Ukateremka pembeni bila haraka,
ukavuta uzi kutoka sahani hadi goti langu,
tukacheka mpaka Chilewa akagonga ukuta.
Basi. Mlenda una mume wake, ni ugali.
Tusiwaingilie watu nyumba yao.

Ilibaki zabibu.
Zile zilizopasuka chini ya mfuko,
muuzaji alinisukumia kwa bei ya kuonea huruma.
Sufuriani, bila sukari, bila maji,
zililia zenyewe mpaka zikawa nzito na nyeusi.
Mbegu utatema; una mdomo.
Chini yake karanga alizotwanga Nyemo,
nusu siagi, nusu chenga,
maana mkono ulichoka naye hakutaka kukiri.

Hiyo ilikuwa slesi ya mwisho, kisigino cha mkate.
Aliiangalia kwa muda mrefu.
Kisha akaifunika kwa sahani
akaenda kulala bila kusema ya nani.

Saa kumi na mbili mlango ulilia.
Mama yake aliinua sahani, viatu vingali miguuni.
Mvuke ulikuwa umefungiwa humo usiku kucha:
mkate ulioshindwa na upepo
ulikuwa umelainika kama shavu.
"Umeharibika," Nyemo alinung'unika kutoka kitandani.

Yeye alikula amesimama, ameegemea friji lisilounguruma.
"Wanne," alisema. "Wa mwisho tumempokea kwa tochi ya simu.
Kilo tatu na nusu. Ana hasira, huyo!"
Akalamba zabibu kidoleni,
akatema mbegu moja kwenye kiganja,
akauliza kama upo mwingine.

Haukuwepo.
Lakini duka la pembeni lilikuwa limeshafunguliwa,
na mimi nilikuwa nimeshainama,
napuliza makaa.